Karipio la Nabii na Kuku wa Mzee Kitenge

Ninyi vijana mnaotumwa kufundisha Neno katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, nawaandikia kwa sababu siku moja mtafika kwa manabii, na kwa manabii ndiko mimi nilikokosea. Injili zina subira kwa mwalimu mzembe. Hata akizieleza vibaya, msikilizaji ataondoka na kitu cha kumfaa. Nabii hana subira hiyo. Ukimweleza vibaya anageuka fimbo mkononi mwako, na utampiga nayo mtu asiyestahili kupigwa.

Kazi hii niliifanya miaka ishirini na sita. Sikuiacha kwa uzee. Wenzangu wa rika langu bado wanapanda baiskeli kutoka Kasongo hadi Kabambare na kurudi. Lakini inzi wadogo wa mto Luama waliniharibu macho, na mwalimu asiyeona kitabu hukaa nyumbani. Mimi nasema na binti yangu anaandika, na mahali fulani ananiuliza kama kweli nataka jambo hilo liandikwe. Nataka.

Nianze na mambo madogo ya kazi, maana hayo ndiyo mtakayoyahitaji kesho asubuhi. Usimfundishe mwanamke aliye na mzigo kichwani. Msubiri autue, tena msaidie kuutua. Usipange somo siku kapita wa pamba, yaani mnyapara, anapokagua mashamba, kwa sababu sikio moja la kila mtu litakuwa linasikiliza filimbi yake. Wakikuletea kiti, tazama kwanza nani amenyanyuliwa ili wewe ukae. Na unapofika kwa nabii, usianze na maneno yake. Anza na mji wake: ulikuwa na soko au hauna, nani aliutawala, watu walikula nini, nani alikuwa akilia humo. Vitabu vyetu vya wakati ule viliandikwa kwa Kiswahili cha pwani, na nusu ya maneno yake wasikilizaji waliyapokea kama wageni wasiojulikana walikotoka. Walimu wa zamani walitufunza kuyakariri kwa sauti moja kama wapiga makasia. Siku hizi mnafunzwa kuuliza maswali. Ni vizuri, ila muwe tayari kuulizwa pia.

Mara ya kwanza nilipomfundisha Hosea, nilikuwa kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na majivuno mengi. Nilisimama mbele ya wazee nikaeleza kwamba Mungu alimwagiza nabii huyo amwoe mwanamke asiye mwaminifu. Kwamba mwanamke alimwacha, naye nabii akaenda kumkomboa kwa fedha na shayiri akamrudisha nyumbani. Nilitarajia wainamishe vichwa. Mzee mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, mahari alikuwa amekwisha kutoa?"

"Naam, baba, bila shaka."

"Na akatoa tena? Kwa bibi yule yule?"

"Ndiyo."

Wazee walitazamana kwa huruma kubwa. "Masikini," yule mzee akasema. "Huyo nabii hakuwa na ndugu wa kumushauri?"

Walicheka mpaka somo likaisha. Nilirudi Kasongo nimefura kwa hasira, nikamweleza mwalimu wangu, Tata Yoeli. Huyu alikuwa mtu mfupi wa kabila la Wazimba, kiziwi wa sikio la kushoto, mtu aliyebatiza nusu ya wilaya kabla sijajua kusoma. Hakunipa pole. Alichukua kipande cha mkaa akachora kijiji sakafuni: barabara, nyumba ya chefu mtawala wa kijiji, kanisa, mashamba ya pamba, njia ya kisimani.

"Sasa muweke nabii," akasema. "Anasimama wapi?"

Niliweka kidole katikati ya kijiji.

"Anaangalia nyumba ya nani?"

Nilielekeza nyumba za wenye wake wengi, kisha kibanda cha mganga, kisha upande wanawake walikokwenda kuteka maji. Tata Yoeli alitazama kidole changu.

"Umemugeuza vizuri," akasema. "Mgongo wake uko kwako."

Nilidhani ananitania. Miaka mingi nilifundisha karipio la nabii yule kwa namna ile ile, na mgongo wake ulibaki kwangu.

Sasa nije kwa Mukanga na Feza.

Mukanga alikuwa kapita wa pamba katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kabambare. Alibatizwa nami. Sauti yake nzito ndiyo iliyobeba kwaya yetu, na kanisa lilipovuja, yeye ndiye aliyeleta watu na majani ya kuezekea. Ofisi ya serikali ilimpa filimbi na kiboko cha ngozi ya mnyama wa mtoni, naye alivitumia vyote viwili. Nilikiona kiboko kile kila nilipopita mashambani. Nilijiambia kwamba hiyo ni kazi ya serikali, na mimi nina kazi yangu.

Feza alikuwa mkewe, mwanamke wa maneno machache, msomaji bora kuliko wote katika darasa langu la wakubwa. Siku moja alichelewa kufika shambani, na Mukanga akampiga mbele ya wanawake wote, kati ya mistari ya pamba, ili waone kwamba kapita hana upendeleo. Msimamizi Mzungu aliyekuwepo alimsifu kwa kutenda haki. Feza alimaliza mstari wake, akaenda nyumbani, akachukua mkeka, akavuka Luama kurudi kwa baba yake.

Mukanga alinijia akilia machozi ya kweli. Mke wa kapita, mwana wa kanisa, ametoroka: ilikuwa aibu kwake, na kwa misheni pia. Bwana mkubwa wa misheni aliniagiza nimrudishe. Nilimchukua mbuzi wa Mukanga nikavuka mto kwa mtumbwi, kichwani nimebeba somo zima la mke asiye mwaminifu.

Baba yake Feza, Mzee Kitenge, hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa mfua vyuma wa kabila la Wabangubangu, mtaratibu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipokea mbuzi, akaagiza kuku achinjwe, na kuku alipoiva akawekwa mbele yangu peke yangu.

"Mwalimu," akasema, "mimi siko mutu wa kitabu. Lakini huku kwetu, mwenye kurudisha mutoto wa mutu anakula kuku ya baba yake. Akikwisha kula, mwili wa yule mutoto uko juu yake. Kama bwana anamupiga, sitamuuliza bwana. Nitauliza ule alikula. Nitamutumia mifupa, naye anakuya kujibu hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unakubali?"

"Nakubali."

Feza alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama nikichukua kipande cha kwanza.

"Mwalimu, unajua ile unakula?"

"Najua, mama."

"Hapana," akasema. "Unajua kuku tu."

Nilikula nikashiba. Kuku alikuwa mzuri, nami nilikuwa nimetembea tangu alfajiri. Feza alifunga mkeka wake, tukavuka mto, nikamkabidhi kwa mumewe, tukaomba. Barua niliyoiandikia misheni ilijaa shangwe.

Mwezi haujaisha, shangazi yake Feza alifika nyumbani kwangu na kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na mifupa miwili ya mapaja ya kuku, imekaushwa moshini.

"Mukanga amemuvunja Feza mkono," shangazi akasema. "Mkono wa kuume, hapa juu. Mzee Kitenge anakuita."

Sikilizeni nilichojibu, ninyi mtakaokuwa na majibu mepesi kama yangu. Nilimwambia: "Mwambie mzee nimehuzunika. Lakini mimi ni mtumishi wa Agano Jipya. Mambo ya mifupa tumeyaacha." Nilimrudishia kifurushi. Shangazi hakukipokea. Alikiweka kizingitini akaondoka.

Sikuwa mwongo kabisa. Niliamini nasema kwa ajili ya Injili. Lakini nawaambia sasa kwamba niliogopa: niliogopa kiboko cha Mukanga, niliogopa misheni itasema nimevunja ndoa, na niliogopa kusimama mbele ya wazee wa kijiji nikiwa mkosaji. Dini ilikuwa karibu na mkono, nikaishika kujifunika nayo. Mwalimu anayo nafasi kubwa ya kufanya hivyo kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo hatari ya kazi yetu.

Jumapili iliyofuata zamu ya somo ilikuwa kwa Hosea. Ningeweza kuchagua jingine. Sikutaka ionekane nakwepa. Feza alikuja. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, vidole vimevimba. Mukanga aliketi upande wa wanaume, kati ya waimbaji. Nilieleza habari ya mke aliyetoroka, nikaeleza kirefu. Kisha nikasoma karipio lenyewe: watu walivyolivunja agano, na Gileadi, mji wa watenda maovu, wenye nyayo za damu. Nikasema hiyo ilikuwa nchi ya mbali sana na zamani sana.

Feza akasimama. Darasani kwetu kusimama ni kuomba swali.

"Mwalimu, watu wa ule muji wa nyayo za damu, walikuwa wanasali?"

"Walisali sana, mama. Walitoa na sadaka."

"Na makuhani wao walikuwa wapi?"

Nilitazama kitabu, kwa kuwa nilikuwa nimekoma mstari mmoja kabla. Mstari uliofuata unawataja makuhani. Wako njiani, kama genge la wanyang'anyi wanaomvizia msafiri.

"Walikuwa njiani," nikasema.

"Njiani wakifanya nini?"

Mukanga akacheka kutoka upande wake. "Mama, acha mwalimu afundishe. Unamusumbua."

Feza hakugeuza shingo. "Siulizi wewe. Nauliza ule alinipitisha njia."

Nilifunga kitabu. Nilisema tuimbe. Kwaya iliimba na sauti nzito ya Mukanga ilikuwa chini ya sauti zote, imara kama siku zote, na kwa mara ya kwanza nilishindwa kuisikia kama sifa.

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi Kasongo. Tata Yoeli alikuwa akimenya mihogo na mkewe. Nilimweleza yote, nikiongeza sababu zangu kwa utaratibu: agizo la misheni, ndoa ya kanisa, mila za kale. Aligeuza sikio lake zima kwangu akangoja nimalize.

"Kuku ulikula?"

"Nilikula, Tata."

"Sasa umekuya hapa nikutapishe?"

Akaendelea kumenya.

"Unafikiri nabii alikasirikia wale makuhani sababu hawakujua sheria? Wapagani hawakujua, na hakuwaita wanyang'anyi. Hawa walitoa neno lao, na mutu akaegemea lile neno, akaanguka. Mzee Kitenge alimutoa mutoto wake sababu ya mudomo wako. Kama mudomo wako haukuwa kitu, kwa nini ulikula?"

"Misheni itaniondoa kazini."

"Labda," akasema. "Chukua kisu kile, tumalize mihogo, halafu uende."

Nilikuwa nimefundisha miaka tisa kwamba nabii anakaripia dhambi mbili, jeuri na kukosa uaminifu: ya kwanza ni ya wenye nguvu, ya pili ni ya wanawake na waabudu sanamu. Pale, nikiwa na kisu na muhogo mkononi, niliona kwamba yeye hazitengi. Anataja agano lililovunjwa, na mara hiyo hiyo anataja damu barabarani, kwa kuwa neno likivunjwa halivunjiki hewani. Linavunjikia mwilini mwa mtu. Asiye mwaminifu katika habari hii hakuwa yule aliyefunga mkeka wake na kuondoka. Mukanga aliahidi mbele ya madhabahu. Mimi niliahidi mbele ya sahani. Na mkono uliovunjika ulikuwa wa Feza.

Siku ya pili yake, jua likiwa juu, nilifika nyumbani kwa Mukanga. Alitoka na kiboko, kwa kuwa alikuwa anakwenda kazini.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa Mzee Kitenge," nikasema. "Nilipewa mimi, namrudisha."

"Mwalimu, leo wewe unavunja ndoa ya kanisa?"

"Nimeikuta imevunjika."

Majirani walisimama. Aliinua kiboko na nikakipokea begani, mara mbili, na sikusema neno. Si kwa ushujaa, ila pumzi ilikuwa imenitoka. Alipoona watu wamezidi, akakishusha. "Nitakuandika kwa Bwana misheni," akasema. Alifanya hivyo. Feza alipita kati yetu na mkeka kwapani. Njiani hadi Luama hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru.

Mzee Kitenge aliita watu wake. Hakupandisha sauti.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ulijua ile unakula?"

"Uliniambia, baba."

"Nilituma mifupa?"

"Ulituma."

"Ulikuya?"

"Sikuja."

"Na mkono wa mutoto wangu?"

Wazee walikwenda kando wakazungumza, wakarudi. Hawakutaka mbuzi wala jembe. Walisema Feza alikuwa na shamba la mpunga alilopewa na mama yake, na msimu huo mkono wa kulilima haupo. Basi alime aliyekula.

Nililima. Misheni iliniandikia kwamba nimesimamishwa kufundisha mpaka mke wa Mukanga arudi kwa mumewe. Mikono yangu ya mwalimu ilipasuka. Wanawake waliopita walinicheka waziwazi: "Mwalimu, magugu hayaogopi mahubiri, ng'oa!" Feza alikaa ukingoni akinionyesha mahali nilipoacha mizizi. Mkono wake uliunga vibaya. Haukupanda tena juu ya kifua.

Mpunga ulipoanza kuchanua, ujumbe wa watu sita ulikuja kutoka upande wa pili wa mto: Mukanga amevaa shati jeupe, pamoja na mashemasi wawili wa kanisa letu na kaka zake watatu. Walileta mbuzi. Shemasi mkubwa alisema vizuri sana juu ya msamaha. Alitaja hata nabii aliyemrudisha mkewe, na niliyatambua maneno yangu mwenyewe kinywani mwake.

Mzee Kitenge alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza mimi. Akaagiza kuku. Tulikaa tukingoja aive, watu wote. Sahani ilipoletwa aliiweka katikati ya ua.

"Muko watu sita," akasema. "Mmesema amebadilika, na mimi sikatai. Nani anakula?"

Shemasi mkubwa alinitazama. "Mwalimu yuko hapa. Ndiye kiongozi wetu. Ale yeye."

"Huyu alikwisha kula," Mzee Kitenge akasema. "Bado anajibu."

Shemasi wa pili alisema alikuwa na shida ya tumbo. Kaka mkubwa wa Mukanga alitazama sahani, akamtazama Mukanga, akatazama mkono wa Feza, akaanza kukuna vumbi kwa kidole cha mguu. Wawili wengine walifuata macho yake chini. Mukanga alisema kwa haraka, "Nitakula mimi."

"Wewe ndiye mutu wa kuulizwa," mzee akamjibu. "Mutu hajidhamini."

Mvuke uliisha juu ya sahani. Mafuta yakaanza kuganda pembeni. Nilikuwa nimeona makanisa yamejaa watu wakiahidi mambo makubwa, na sikuwahi kuona ahadi ikipimwa hivyo, mbele ya wote, na kila mtu akijua uzito wake. Mashemasi wale hawakuwa waovu. Walikuwa wamekuja kuomba mwanamke arudi mahali ambapo hata mmoja wao hakuthubutu kusema atakuwa salama, na hawakuwa wamelijua jambo hilo mpaka chakula kilipowekwa mbele yao.

"Basi," Mzee Kitenge akasema, "mutoto wangu anabaki."

Misheni ilinirudisha kazini baada ya mavuno, pasipo maelezo. Labda walimu walikuwa haba. Niliendelea kumfundisha Hosea miaka mingine kumi na saba, na kila mara nilisoma ule mstari wa makuhani kwanza, kwa sauti, kabla ya mwingine wowote. Fanyeni vivyo hivyo. Mtaona jinsi sauti yenu inavyopungua.

Lakini siku ile, wageni walipokuwa bado wameketi hawajui waondoke namna gani, Feza aliinuka mlangoni. Alikuja katikati ya ua, akakaa chini, akavuta sahani ya kuku mpaka magotini pake.

"Mwili uko wangu. Mimi nitajibu," akasema.

Akala, polepole, kwa mkono wa kushoto, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mkono huo si wa chakula.